Lori la Kabureta Linapozimika Njiani: Maswali na Majibu

Barua za safari hii zinahusu malori na pikapu za zamani zinazotumia petroli na kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla haijaingia kwenye injini), na ambazo huzimika bila taarifa. Karibu waandishi wote wameanza kwa kuilaumu kabureta. Mimi huanza kwa kuuliza injini ilizimika lini na kwa namna gani: ikiwa ya moto au ya baridi, ghafla kama taa iliyozimwa au kwa kukohoa na kupungukiwa nguvu kwanza. Mara nyingi kuzimika kwa ghafla hutokana na umeme, na kukohoa hutokana na mafuta.

Swali: Ndugu fundi, lori langu hutembea vizuri kwa dakika 20 au 30, kisha hukata. Nikilipumzisha nusu saa huwaka kana kwamba halikuwa na tatizo. Plagi nimekwisha kubadili. Nianzie wapi?

Anzia pale pale linapozimika, kabla injini haijapoa, kwa sababu ikishapoa hutakuta dalili yoyote. Zima swichi, ondoa kifuniko cha chujio la hewa, kisha, uso wako ukiwa mbali, tazama ndani ya koo la kabureta huku ukivuta kwa mkono wenzo unaosukumwa na pedeli ya mafuta. Pampu ndogo iliyomo ndani ya kabureta inapaswa kurusha mchirizi mwembamba wa petroli. Ukiuona, bakuli la kabureta, yaani kijisima chake cha akiba ya petroli, lina mafuta na uchunguzi uhamie kwenye umeme. Usipouona, kuna uwezekano mkubwa kwamba bakuli limekauka. Jaribu jambo hili kwanza siku ambayo lori halina matata, ili usije ukadanganywa na pampu ndogo iliyokwisha kufa zamani.

Bakuli likiwa kavu, fungua kifuniko cha tanki na usikilize. Mlio wa hewa inayovutwa kuingia ndani unaonyesha kwamba tundu la pumzi limeziba, hivyo pampu imekuwa ikivuta mafuta dhidi ya ombwe mpaka ikashindwa. Kusipokuwa na mlio, angalia kama bomba la petroli linapita karibu na ekzosi, kwa maana petroli ikichemka ndani ya bomba hugeuka mvuke, na pampu ya kawaida haiwezi kuusukuma mvuke huo. Kuna pia kutu ya tanki, ambayo huvutwa ikaziba mdomo wa bomba injini ikifanya kazi, kisha ikaanguka chini injini ikisimama. Ndiyo maana lori huwaka tena baada ya kupumzika. Mwaga mafuta ya ndani ya chujio la petroli juu ya kitambaa cheupe: ukiona vumbi la kahawia, tanki linahitaji kusafishwa, wala kubadili chujio peke yake hakutasaidia kwa muda mrefu.

Ikiwa mchirizi ulitoka, rudisha kifuniko cha chujio la hewa, kisha pima cheche kwa plagi ya akiba iliyogusishwa vizuri kwenye chuma cha injini, mbali na kabureta na mvuke wa petroli. Cheche dhaifu ya rangi ya machungwa, au kukosekana kwa cheche wakati injini ni ya moto, hunifanya nishuku koili, inayokuza umeme wa betri uwe cheche, au kondensa, kifaa kidogo kinachosaidiana na pointi za distributa. Nyaya za ndani ya koili hutanuka kwa joto na kuachana, kisha hugusana tena zikipoa.

Swali: Nikizungusha ufunguo injini huwaka mara moja, lakini nikiuachia inazimika papo hapo. Je, kabureta imeziba?

Hapana, iache kabureta ilivyo. Katika magari mengi yenye pointi za distributa (swichi ndogo zinazokata na kuunga umeme wa koili), koili hupewa volti zote za betri wakati wa kupiga starta, na ufunguo ukirudi mahali pake umeme hupitia rezista inayoupunguza. Rezista hiyo ikikatika, koili hukosa umeme mara tu unapoachia ufunguo. Pima kwa taa ya majaribio pande zake zote mbili. Katika baadhi ya magari rezista ni waya maalumu uliofichwa ndani ya fungu la nyaya. Umeme usipofika hata upande wa kuingilia, tazama swichi yenyewe. Usiiruke rezista kwa kipande cha waya ukaendelea na safari zako, kwani utaichemsha koili na kuziunguza pointi.

Swali: Injini huzimika ninapofunga breki kukaribia njia panda. Kabureta imefunguliwa mara mbili bila mafanikio.

Simamisha lori mahali tambarare, tia breki ya mkono, iache injini katika sailensi, yaani ikinguruma polepole bila kukanyagwa mafuta, kisha kanyaga pedeli ya breki na uendelee kuishikilia. Injini ikitetemeka au ikizimika ingawa lori halikusogea, kuna uwezekano mkubwa kwamba kiwambo cha sevo ya breki (kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu kwenye breki) kimepasuka na kinaingiza hewa kwenye manifoldi, yaani njia ya hewa na petroli kutoka kabureta kuingia kwenye injini. Hilo ni tatizo la breki kabla ya kuwa la injini, kwa hiyo usiliendeshe lori hilo mpaka litengenezwe.

Injini isipobadilika, huenda kinachoizima ni petroli inayoyumba ndani ya bakuli lori linapopunguza mwendo. Kimo cha boya, linaloelea ndani ya bakuli na kufunga petroli inapojaa, kinaweza kuwa kimepanda, na fundi aliyebadili gaskiti na jeti bila kukipima anaweza kuifungua kabureta hata mara ya tatu bila faida. Boya la shaba litikise karibu na sikio. Ukisikia maji maji ndani, limetoboka. Tundu dogo lisiloonekana kwa macho hujitokeza ukilizamisha boya katika maji ya moto, mbali na jiko, kwa kuwa hewa ya ndani hutanuka na kutoa mapovu.

Swali: Nimelazimika kukaza skrubu ya sailensi mpaka injini inanguruma kama iko safarini, la sivyo inazimika. Nifanyeje?

Umeficha dalili tu. Injini ikiwa ya moto, funika koo la kabureta nusu kwa kibao. Injini ikitulia na kuongeza kasi, inapata hewa kupita kiasi: kagua mipira yote ya ombwe, gaskiti iliyo chini ya kabureta na boliti za manifoldi. Ikizidi kuzorota, mafuta hayakosekani.

Kisha geuza taratibu skrubu ya mchanganyiko, ile inayopima petroli ya sailensi, wala si ile ya kasi uliyoikaza. Ukiifunga yote na injini isijali, njia ya mafuta ya sailensi imeziba, au vibao vya koo (vinavyofunguliwa na pedeli ya mafuta) vimefunguka mno kwa sababu ya ile skrubu uliyoikaza, na injini inavuta mafuta kutoka mahali pengine. Rudisha kasi chini, safisha njia hiyo kwa hewa ya kompresa, kisha anza upya: funga skrubu ya mchanganyiko polepole mpaka iguse, irudishe mzunguko mmoja na nusu, halafu tafuta mahali injini inapotulia. Usiikaze kwa nguvu, maana ncha yake huchongeka na haitafaa tena.

Swali: Lori huishiwa nguvu na kuzimika likipanda mlima, na siku hizi oili imeongezeka bila mimi kuongeza.

Vuta kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli, mshukiwa wa kwanza ni kiwambo cha pampu ya mafuta iliyofungwa ubavuni mwa injini: kikipasuka, petroli hupungua kwenye kabureta na nyingine humwagika ndani ya oili. Usiwashe injini hiyo tena, kwa sababu oili iliyochanganyika na petroli hailindi beringi. Badili pampu, mwaga oili yote, weka oili mpya na chujio jipya, ndipo upige starta.