Marehemu hashtakiwi, stesheni inaulizwa

SWALI

Shikamoo Shangazi. Nafanya kazi maktaba ya kanda katika redio moja huku mashariki. Mwezi ujao tunamkumbuka mtangazaji wetu aliyeendesha kipindi cha watoto cha Jumamosi miaka ya tisini, na studio mpya itapewa jina lake. Mimi nimetumwa kuchagua sauti zake za zamani. Nikipekua kabati nilikuta, ndani ya faili la barua za wasikilizaji, barua ya mama mmoja ya mwaka 1998, imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi iliyochanwa daftarini. Anasema binti yake wa miaka 13 alibakizwa studio baada ya kipindi, akashikwashikwa, na tangu siku hiyo redio ikiwashwa nyumbani anatoka nje. Pembeni mtu ameandika kwa kalamu nyekundu: "Nimeongea na mhusika. Faili lifungwe." Nilimpelekea mkurugenzi. Akasema marehemu hasemwi vibaya, na barua moja si ushahidi. Nifanyeje?

Mtunza kanda, Mbale

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mkurugenzi wako amesema kweli katika jambo moja: barua moja haimtii mtu hatiani, awe hai au awe kaburini. Lakini soma tena hiyo karatasi. Maneno ya mama ni malalamiko juu ya mtangazaji. Maneno ya kalamu nyekundu ni ya stesheni yenyewe. Ofisi ilipokea shtaka la mtoto, mwenye cheo akamsikiliza mshtakiwa, na kwa unavyonieleza hakuna alama yoyote kwamba mama aliitwa, wala mtoto, wala polisi. Marehemu hawezi kujibu tena. Stesheni ipo, ina leseni, ina bodi, na huenda aliyeshika ile kalamu bado yuko mjini.

Mimi mwenyewe nimesoma habari redioni miaka mingi kabla ya safu hii, na nakumbuka hali ilivyokuwa redio binafsi zilipofunguliwa hapa Uganda mwaka 1993. Mtangazaji alikuwa nyota. Watoto walipanga foleni getini na kadi zao za salamu, wazazi wakawaacha hapo na kwenda sokoni, na hakuna aliyeuliza nani anabaki na nani taa nyekundu ikizimwa. Kwa hiyo sishangai barua hiyo kuwepo. Kinachonichoma ni kwamba ilifika, ikasomwa, ikafungwa.

Yaliyoipata BBC yanakuhusu moja kwa moja, maana nao walikuwa na marehemu wa kumkumbuka. Jimmy Savile, mtangazaji aliyependwa mno Uingereza, alifariki Oktoba 2011. Wiki chache baadaye waandishi wa kipindi cha Newsnight, cha BBC hiyohiyo, walikuwa wameshazungumza na mwanamke aliyesema Savile alimdhulumu alipokuwa msichana. Uchunguzi ukasimamishwa, na Krismasi ile BBC ikarusha vipindi vya kumsifu. Mkuu wa televisheni wakati huo, George Entwistle, alikuwa amedokezwa kwa maneno machache kwenye chakula cha mchana kwamba huenda ratiba yake ya Krismasi ikaguswa. Hakuuliza uchunguzi unahusu nini. Ukweli ulitolewa na washindani wao, ITV, mnamo 3 Oktoba 2012. Kufikia hapo Entwistle alikuwa ndiye mkurugenzi mkuu, na kiti hicho alikikalia siku 54 tu. Nick Pollard, aliyepewa kazi ya kuchunguza uamuzi ule wa kusimamisha, hakuona kwamba wakubwa walilazimisha ili kuviokoa vipindi vya sifa. Alisema uamuzi wenyewe ulikuwa na kasoro. Ndiyo maana nakusihi usimchukulie mkurugenzi wako kuwa adui. Inatosha kila mtu asiulize, na jambo linazikwa.

Halafu ikaja ripoti ya jaji mstaafu Janet Smith, Februari 2016. Alihesabu watu 72 waliodhulumiwa na Savile katika shughuli za BBC. Wafanyakazi wa chini walikuwa wamesikia, wengine wameona, lakini hofu iliwafunga midomo, na jaji hakupata ushahidi kwamba habari iliwafikia wakubwa wa juu kabisa. Mfanyakazi mmoja aliyemlalamikia msimamizi wake aliambiwa afunge mdomo, yule ni mtu mkubwa. Mimi naiona kalamu yako nyekundu hapo.

Sasa kazi yako. Usiichukue barua halisi nyumbani, ni mali ya ofisi, na siku ikitakiwa ni lazima ikutwe pale ilipokutwa. Toa nakala, andika tarehe, jina la faili na kabati. Kisha mwandikie mkurugenzi barua fupi, nakala kwa mwenyekiti wa bodi: nimekuta hiki, tarehe fulani, naomba maelekezo. Hakikisha nakala yako inagongwa muhuri wa kupokelewa. Usimhukumu marehemu hata kwa neno moja. Maelezo ya mdomo kwenye korido hayatakulinda. Karatasi yenye muhuri itakulinda, na Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa ya 2010 inamtambua mfanyakazi anayemjulisha mwajiri wake kwa nia njema. Wakikaa kimya, sheria hiyohiyo inakuruhusu kwenda kwa polisi au Tume ya Haki za Binadamu.

Usimpigie mama huyo simu wewe mwenyewe. Najua moyo unakusukuma. Lakini binti sasa ni mtu mzima, pengine ana mume na watoto wasiojua lolote, na siri hiyo ni yake kuitoa au kuiacha. Atafutwe na mtu asiye wa stesheni, mwenye ujuzi wa mambo haya. FIDA Uganda, chama cha mawakili wanawake, kiko tangu 1974. Wala picha ya barua isionekane WhatsApp. Novemba 2012 Newsnight haohao, safari hii wakikimbilia kusema, walirusha tuhuma dhidi ya mwanasiasa bila kumtaja, watu wakamtaja mitandaoni, kumbe siye. BBC ilimlipa mwanasiasa huyo, Lord McAlpine, pauni 185,000 na Entwistle akajiuzulu.

Bodi nayo nitaiambia hapa, maana najua gazeti hili husomwa. Ahirisheni sherehe. Jina halijapakwa rangi ukutani bado, na kuahirisha si kumtukana mtu. Tafuteni mwanasheria wa nje, asiye rafiki wa yeyote kati yenu, afungue mafaili yote ya kipindi kile, si hilo moja tu. Tangazeni redioni kwamba mwenye neno aje asikilizwe kwa siri. Na mkiwa na wafanyakazi zaidi ya 25, Sheria ya Ajira ya 2006 inawataka muwe na utaratibu wa kuzuia unyanyasaji wa kingono kazini. Muulizeni mkurugenzi awaonyeshe uko wapi.

SWALI

Shangazi, hivi kwa nini hawa wanawake hungoja hadi mtu afe ndipo waseme? Si kumwonea?

Msomaji, Soroti

JIBU

Bwana wa Soroti, yule mama wa juu hakungoja. Aliandika mwaka uleule na hakujibiwa. Wengine walinyamaza kwa sababu mlango wenyewe ulikuwa mgumu: mtoto wa miaka 13 aende polisi, apimwe na daktari, ataje jina la mtu ambaye mji mzima unamsikiliza kila asubuhi. Uingereza, baada ya kile kipindi cha ITV, watu wapatao 450 walijitokeza katika miezi michache, na polisi wakaandikisha makosa 214. Kifo hakikuwapa uongo. Kiliwaondolea mtu wa kumwogopa. Marehemu kushindwa kujitetea ni hasara kweli, na hasara hiyo imeletwa na walioifunga faili yeye akiwa hai na uwezo wa kujibu. Kama unamjua mtoto anayepitia haya sasa hivi, namba 116, Sauti, inapigwa bure.