Wasomaji Wanauliza: Kuchora kwa Dakika Moja

SWALI: Sisi vijana wa Shangani, Mtwara, hufuata video za shindano la kumchora mhusika wa gemu au katuni kwa dakika 10, kisha 1, kisha sekunde 10. Ya dakika 1 hutuharibikia: macho yanapishana, na wino wa maka peni unasambaa. Tufanyeje?

JIBU: Wadogo zetu, bila shaka mnaanzia machoni. Anzeni na duara la kichwa, mstari wa wima katikati na wa mlalo chini kidogo ya nusu, kwa penseli laini (yenye alama 2B) bila kukandamiza. Sekunde 15 zinatosha. Macho yakalie mlalo, umbali sawa kutoka kwenye wima. Nywele mwisho. Kwa sekunde 10, choreni kinachomtambulisha tu, kofia au masikio. Karatasi hufyonza unyevu wa pwani, na hilo huchangia wino kutambaa: itunzeni kwenye kopo lenye mfuniko, na mistari myembamba mchore kwa bolpeni.