Ethiopia: mwaka wao uko nyuma, saa yao ni kama yetu

Aliyeuliza kama ni kweli kwamba nchini Ethiopia mwaka una miezi 13, na kwamba wako nyuma yetu kwa miaka kadhaa, hakudanganywa. Nilifanya kazi Addis Ababa kuanzia mwaka 2016 hadi 2018, kwa hiyo nitajibu kwa yale yaliyonikuta mwenyewe.

Miezi 12 ya mwanzo ina siku 30 kila mmoja, haipungui wala haizidi, kisha hufuata kijimwezi kiitwacho Pagume, chenye siku 5 tu, au 6 katika mwaka mrefu. Mwaka mpya kwa kawaida huingia tarehe 11 Septemba, mvua kubwa zinapokatika. Kwa kuwa kanisa lao hukadiria mwaka aliozaliwa Yesu tofauti na Roma, wako nyuma kwa miaka 7 kuanzia Septemba hadi Desemba, na kwa miaka 8 katika miezi iliyosalia. Ndiyo maana mwaka 2000 waliusherehekea tarehe 12 Septemba 2007.

Mimi jambo hilo liliniingiza matatani. Tarehe 20 Machi 2017 nilinunua meza na viti vya ofisi, na mwenye duka akaniandikia risiti kwa mkono: 11/7/2009. Mhasibu wetu wa Dar es Salaam aliirudisha, akitaka maelezo ni kwa nini nadai fedha za samani zilizonunuliwa Julai 2009, wakati ambapo nilikuwa bado sijaajiriwa. Nilimweleza kwamba mwezi wao wa saba ni Megabit, unaoanza Machi, na hata baada ya hapo alinitaka niambatanishe kalenda.

Kwa upande wa saa nilijiona mwenyeji tangu siku ya kwanza. Waethiopia huhesabu saa kuanzia mapambazuko kama sisi, na hata neno lenyewe, se'at, ni ndugu wa saa yetu. Sost se'at ni saa tatu ya asubuhi. Mwenzangu mmoja, Mjerumani, aliagana na fundi bomba wakutane saa tatu, ambayo kwake ilikuwa alasiri, naye fundi akaja asubuhi, akabisha hodi weee na kuondoka. Nilimcheka sana, kumbe zamu yangu ilikuwa njiani. Sisi hutamka saa tatu huku mshale ukiwa kwenye tisa, na kichwa kimezoea kugeuza. Wao, walio wengi, hutegesha saa isome vilevile inavyotamkwa. Siku moja niliamka na homa katika chumba chenye mapazia mazito, nikaona mshale wa saa ya mwenye nyumba uko kwenye tatu, nikageuza kwa mazoea na kusoma saa tisa alasiri. Nilimpigia mkuu wangu kumwomba radhi kwa kukosa kikao cha saa nane mchana, naye akaniuliza kwa upole kama homa ilikuwa imepanda, kwa sababu ndiyo kwanza alikuwa anaegesha gari.

Kuhusu kahawa nitasema kidogo. Wao huiita buna, na mkulima yeyote wa Kagera atalisikia humo neno buni. Hukaangwa mbele ya mgeni, moshi wake hupitishwa puani mwake, kisha hunywewa vikombe vitatu pamoja na bisi: cha kwanza ni abol, cha pili tona, cha tatu baraka, na maana ya hicho cha mwisho sikuhitaji kutafsiriwa. Jirani yangu, mama wa makamo, alinikaribisha asubuhi moja nikiwa njiani kwenda kazini, nami nikajaribu kuaga baada ya kikombe cha kwanza. Alinishika mkono wa shati, akanirudisha kwenye kigoda. Niliingia ofisini saa tano, ya kwao na ya kwetu.