Re: Kile kilima cha Tuktoyaktuk ni volkano au nini?

Mambo vipi mkuu. Umeuliza kile kilima chenye kishimo juu, karibu na Tuktoyaktuk kule Kanada kaskazini, ni volkano? na jina lake ni pingo au Ibyuk?

Volkano hapana. Kabla ya yote fungua picha ya setilaiti uvute karibu, angalia kilipokaa, utaona kama bonde la ziwa lililokauka. Ziwa likishakauka ile baridi inashuka chini, maji yaliyobaki kwenye mchanga yanabanwa hayana pa kwenda, yanasukuma udongo juu huku yanaganda, sawa na chupa ya maji uliyoisahau friza. Kwa hiyo ndani ni barafu tupu, na kile kishimo ni udongo wa juu umepasuka barafu ikayeyuka kidogo. Kilima chenyewe kimeinuka mita 49 hivi tu, ila tambarare ile kinaonekana mbali sana, wenyeji walikuwa wanapanda juu kutafuta karibuu (kulungu wa kaskazini) na nyangumi.

Jina sasa. Pingo (sio pingu za polisi lol) ni aina ya kilima, neno la Wainuvialuit (wenyeji wa huko) ambalo mtaalamu wa mimea Porsild aliliingiza kwenye sayansi 1938. Ibyuk ndio jina la hicho chenyewe, kwahiyo ukisachi "pingo" utaletewa mamia, eneo lile yapo zaidi ya elfu.

Halafu kama ramani yako ni ya kabla ya 1950 usitafute Tuktoyaktuk, tafuta Port Brabant, wazungu ndio walikuwa wanapaita hivyo.