Picha za mwewe kwenye vioo hazitoshi

Ndugu, umeuliza iwapo picha mbili tatu za mwewe zikibandikwa kwenye vioo vya jengo la ofisi unalolichora zitatosha kuwazuia ndege wasijigonge. Hazitatosha. Ndege anachokiona kiooni ni taswira ya miti na anga, naye huikwepa ile picha na kujigonga pembeni yake. Kinachofaa ni kukijaza kioo chote alama ndogo, zisizoachana zaidi ya sentimita 5, tena upande wa nje, kwa kuwa za ndani humezwa na mng'ao. Ukumbi wa mikutano wa McCormick Place, Chicago, ambako takriban ndege 1,000 walikufa usiku wa kuamkia tarehe 5 Oktoba 2023, uliwekewa utando wenye nukta za namna hiyo mwaka 2024, na vifo vikapungua kwa takriban asilimia 95. Kubandika baadaye ni gharama kubwa. Maadamu wewe bado uko kwenye michoro, agiza kioo chenye nukta tangu kiwandani, hasa kwa ghorofa za chini zinazotazamana na miti. Taa nazo zizimwe usiku, au mapazia yashushwe, katika majira ya ndege wahamao.