Ukuta uliobomoka kando ya swichi: anza na kisanduku, plasta baadaye

Dada wa Migosi, nimeona swali lako. Fundi alikuja kubadilisha swichi ya sebuleni, akagonga na tindo mpaka plasta ikamwagika pande zote, akafunga swichi mpya na kwenda zake. Sasa shimo linaonekana kandokando, mwenye nyumba anapita mwisho wa mwezi, na jirani amekushauri ulijaze magazeti kisha ubandike stika ya maua juu yake. Nakuomba usijaze magazeti. Waya uliolegea kwenye skrubu yake hupata joto kila taa ikiwaka, na karatasi kavu iliyosongwa hapo haihitaji mengi kushika moto.

Mimi ni keateka wa ploti hapa Kisumu, upande wa Manyatta. Mpangaji akihama, mimi ndiye hubaki na kuta, na sehemu inayoharibika kuliko zote ni hapo kwenye swichi. Kinachoangusha kazi hii mara nyingi ni kisanduku, kile kinachobeba swichi na nyaya zake, kikiwa kinacheza ndani ya ukuta. Unaweza kujaza fila nzuri (unga wa kuzibia na kusawazisha ukuta), ukapiga msasa, ukapaka rangi, lakini kama kisanduku kinasogea hata kidogo, kila mara taa ikiwashwa fila inasukumwa, na ufa unarudi palepale.

Kabla ya yote, tazama na unuse. Ukiona alama ya kahawia au nyeusi kwenye plastiki au ukuta, ukisikia swichi ikitoa cheche au harufu ya plastiki iliyoungua, hiyo si kazi ya simiti. Tafuta fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati. Vilevile ukigusa ukuta na kukuta una unyevu, tafuta kwanza maji yanakotoka, maana mvua za Machi hadi Mei zikipenya kwenye bati huteremka ndani ya ukuta na kufuata paipu ya nyaya mpaka kwenye kisanduku.

Kama hakuna dalili hizo, zima meni swichi, ile inayokata stima yote ya nyumba. Kuzima taa pekee hakutoshi, kwa sababu swichi hukata njia ya kwenda kwa balbu tu. Waya wenye stima bado uko ndani ya kisanduku. Na usitegemee tokeni za mita (stima ya kulipia kabla) kuisha au stima kupotea. Mtu akiweka tokeni wakati mkono wako uko ndani, stima inarudi bila kubisha hodi. Kwenye ploti ambazo vyumba kadhaa vinatumia mita moja, waambie majirani unachofanya. Lakini kabla hujazima, chukua testa, ijaribu kwanza kwenye soketi unayojua ina stima, uone inawaka. Ukishazima, ndipo upime nyaya za swichi, zote, hata ile nyeusi, kwa sababu kwenye swichi nyaya zote mbili zinaweza kuwa na stima.

Sasa fungua skrubu mbili za uso wa swichi. Usizitoe nyaya, vuta uso mbele, uuviringe kwa karatasi ya nailoni, uuache uning'inie taratibu. Bonyeza kisanduku kwa kidole gumba juu, chini, kulia, kushoto. Kikicheza, tazama ndani nyuma: kwa kawaida utakuta matundu ya skrubu ambayo fundi hakuyatumia, au msumari mmoja uliopinda. Toboa ukuta kwenye matundu hayo, weka plagi za plastiki za kushikia skrubu ukutani, funga skrubu mpaka kitulie kabisa. Kama masikio yanayoshika skrubu za swichi yameliwa na kutu, nunua kisanduku kipya, ila hapo nyaya itabidi zitolewe, kwa hiyo mwite fundi.

Haya ni kwa ukuta wa mawe au bloku. Nyumba nyingi za Nyalenda na huku kwetu ni matope na fito, zimepakwa simiti nyembamba kwa juu. Plagi haishiki kwenye matope, na ukigonga unabomoa zaidi. Hapo mimi humwambia mwenye nyumba ukweli: weka ubao unaofika kwenye fito mbili, uufunge kwa skrubu ndefu, kisha fundi wa stima afunge kisanduku cha juu ya ukuta kwenye ubao huo. Ubao unafunika uharibifu wote, na swichi inakaa imara.

Tukirudi kwako, pima shimo kabla ya kununua chochote. Kisanduku cha swichi moja ni inchi 3 kwa 3, na uso wa swichi una milimita 86 kila upande. Maana yake uso unafunika takriban nusu sentimita tu kuzunguka kisanduku. Shimo lililozidi hapo ndilo linalokusumbua, na mara nyingi ni dogo kuliko linavyoonekana.

Ng'oa plasta yote iliyolegea hata kama shimo litakua, pangusa vumbi kwa brashi, na unyunyize maji. Joto la Kisumu hunyonya maji ya mchanganyiko haraka sana, simiti ikabaki unga, kwa hiyo usiogope kulowesha ukuta. Ila ziba mdomo wa kisanduku kwanza kwa nailoni na utepe wa karatasi wenye gundi. Simiti kipimo kimoja kwa mchanga vitatu, mchanga uwe umechujwa kwa kipande cha neti ya mbu. Shindilia kwa kisu cha zamani mpaka nyuma kabisa, uache milimita mbili au tatu chini ya usawa wa ukuta. Iache usiku kucha, asubuhi inyunyizie maji tena, uiache ikauke kabisa.

Juu yake weka fila ya unga wa jipsamu. Hadwea nyingi hupima kwa kilo. Wengine hutumia simiti nyeupe, lakini ni ngumu kupiga msasa, na utachubua rangi iliyo kando. Tandaza fila kwa skrepa ipite ukingo wa shimo kama upana wa kiganja, nyembamba, mara mbili badala ya mara moja nene. Kama ukuta una rangi ya mafuta upande wa chini, ichubue kwanza kwa msasa, la sivyo fila itabanduka kama ganda.

Ukikosa muda wa hayo yote, kuna fremu za plastiki za kuzunguka swichi, au seremala wa Kibuye akukatie kipande cha plaiwudi chenye tundu sawa na kisanduku. Utahitaji skrubu ndefu zaidi za swichi, maana uso umesogea mbele. Usitumie bati. Na hata ukiweka fremu, jaza shimo kwanza.

Rangi: paka andakoti (rangi ya kwanza ya kutangulia) juu ya fila, kisha upake ukuta mzima kutoka pembe hadi pembe. Ukipaka kiraka tu, rangi mpya itaonekana hata kama umeinunua kwa namba ileile, kwa sababu ya zamani imepauka na kushika moshi wa jiko. Rudisha uso wa swichi rangi ikishakauka, kaza skrubu bila nguvu nyingi, ndipo uwashe meni.

Piga picha za shimo kabla hujaanza, za kumwonyesha mwenye nyumba. Na ukifungua ukakuta kutu au nyaya zilizochubuka, tuma picha zake hapa kabla hujanunua simiti.