Jibu: Usahihi wa asilimia 94 haujatosha kuchora ramani ya delta ya Tana

Ndugu, umeandika kwamba modeli yako ya kompyuta ya kutambua ardhioevu ya delta ya mto Tana, pwani ya Kenya, imefikisha usahihi wa asilimia 94, na msimamizi wako anataka ramani ya maeneo yaliyo hatarini kuharibika kabla ya mwezi kwisha. Nakuomba usiitoe bado. Mimi niliwahi kuitoa.

Yangu ilikuwa asilimia 93. Nilikaa hapa Nairobi wiki nzima nikibofya alama za kuifundishia modeli juu ya picha za satelaiti ya Sentinel-2: hapa mikoko, hapa matete, hapa mpunga, hapa ardhi iliyoharibika. Nikatumia ile mbinu ya miti mingi ya maamuzi inayopiga kura, nikachanganya pikseli zote, yaani vile vijiraba vinavyounda picha, nikatenga theluthi ya kujaribia. Kosa lilianzia hapo. Pikseli ya mita 10 na jirani yake ni kama pacha. Ukifundishia moja na kujaribia nyingine, modeli haijabashiri kitu, imekumbuka tu. Baadaye nilipoigawa delta vipande vya kilomita kumi kumi, nikaficha vingine vizima wakati wa kufundisha, usahihi ulishuka hadi 71.

Lakini kilichoniuma zaidi kilikuwa Garsen, mji ulio kwenye delta hiyo. Tulifika na ramani, na kwenye ramani kulikuwa na doa kubwa jekundu: ardhi iliyoharibika, hatari ya juu kabisa. Mzee mmoja wa Kiorma, jamii ya wafugaji wa huko, akatupeleka hapo kwa miguu. Udongo ulikuwa mweusi, umepasuka nyufa za kuingiza mkono. Akachutama, akachomoa ufani kitu cheupe, akaniwekea kiganjani: gamba dogo la konokono wa maji. Akachomoa jingine, na jingine. "Mto ukimwaga," akasema, "hapa tunavuka kwa mtumbwi. Maji yakirudi, ng'ombe wanakula hapa hadi mvua nyingine." Kile nilichokiita ardhi iliyokufa kilikuwa malisho ya kiangazi ya watu wale. Ramani ile ingeweza kuishia mezani kwa mtu anayetafuta ardhi "isiyotumika", na delta hiyo imeshamwaga damu kwa sababu ya malisho na mashamba, mwaka 2012.

Chanzo ni kwamba picha zangu zote zilikuwa za Januari na Februari. Wakati wa masika mawingu hufunika kila kitu, nami nikachagua zilizo safi. Ongeza picha za satelaiti ya Sentinel-1: rada yake inapenya mawingu, na picha zipo tangu 2014. Ila uwe macho. Maji ya wazi huonekana meusi kwenye rada, lakini matete yaliyosimama ndani ya maji yanaweza kung'aa, maana mawimbi yanagonga maji, yanagonga mashina, kisha yanarudi kwa nguvu. Ukiweka kizingiti kimoja cha "nyeusi ni maji", utaacha nje vinamasi vyenyewe unavyovitafuta. Mpe modeli mfuatano wa mwaka mzima, kiangazi, masika na vuli, ijifunze jinsi mahali panavyobadilika.

Angalia pia data yako ya mwinuko. Kama ni ya SRTM, vile vipimo vya mwinuko vilivyochukuliwa kwa rada kutoka angani, ilipimwa Februari 2000, na kwenye msitu inapima karibu na vilele vya miti, si ardhi. Mikoko ya Kipini itaonekana imekaa juu kilimani, na modeli itakuambia chumvi haiwezi kuifikia. Kwenye delta, mita moja ndiyo tofauti ya shamba la mpunga na shamba lililoharibiwa na chumvi.

Halafu kitu ambacho sijakiona kwenye orodha ya vigezo vyako: mto wenyewe. Umbali wa barabara umeweka, idadi ya watu umeweka, lakini delta inaishi kwa mafuriko yanayotoka juu. Bwawa la Masinga, lililokamilika 1981, linazuia tope na kupunguza vilele vya mafuriko. Maji mengi tunayochota bombani hapa Nairobi yanatoka Ndakaini, kwenye mto Thika, nao unaingia Tana. Mafuriko yakipungua, bahari inapanda mtoni. Weka vipimo vya mtiririko wa Garissa, pamoja na mvua ya nyanda za juu. Bila hivyo modeli itawalaumu wafugaji na wakulima kwa upungufu wa maji ulioanzia huku kwetu.

Msimamizi akikubana, mpe ramani ya mimea ya sasa na uiite hivyo. Neno "hatari" lisubiri hadi ukae na Wapokomo, ambao ni wakulima, na Waorma, wakuambie kila aina ya ardhi uliyoichora wao wanaiitaje na wanaitumia mwezi gani.

Wiki hii gawa vipande kwanza. Ukimaliza, weka hapa matokeo ya kila kipande na mwezi wa kila picha. Tutaanza na kipande kilichofanya vibaya kuliko vyote.